Nani Atachora Ramani ya Chini ya Ruvuma?



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, mzee mmoja wa jumuiya ndogo ndogo alitusimamisha mlangoni pa sakristia akiwa na kipande cha gazeti mkononi. "Baba Paroko," alisema, "hapa wameandika kwamba Wazungu wanazika hewa chini ya bahari. Hewa inazikwaje? Na kama leo wanaizika kwao, kesho hawataileta waizike kwetu?" Swali la kwanza lilitaka kutuchekesha. La pili lilitunyamazisha. Tafakari ya juma hili ni jibu letu kwa mzee huyo. Tena, tuseme wazi tangu mwanzo, ni ugomvi wetu na watu wa aina mbili: wale wanaosema kwamba jambo hili ni la matajiri na halituhusu, na wale, ambao wengi wao ni rafiki zetu, wanaosema tusiliguse kabisa lisije likatuchafua mikono.

Tuanze na hewa yenyewe. Hewa ukaa ndiyo tuitoayo puani tunapopumua, na ndiyo itokayo kwa wingi katika magari, mitambo ya umeme na viwanda. Wengi wetu tukilisikia neno hilo hukumbuka biashara ya misitu, kama ile ya vijiji vya Wilaya ya Tanganyika huko Katavi vinavyolipwa kwa kutunza miti. Tunalolizungumza leo ni jambo jingine. Gesi hukamatwa kiwandani kabla haijapaa, hukandamizwa mpaka ikawa nzito karibu kama kimiminika, kisha husukumwa kwa kisima hadi kina cha mita 800 au zaidi, ndani ya mwamba wenye vitundu vidogo vidogo vilivyojaa maji ya chumvi. Juu ya mwamba huo sharti pawepo mwamba mwingine usiopitisha kitu, ufanye kazi ya kifuniko cha chungu. Pasipo kifuniko hapana hifadhi. Ndiyo maana kazi yote huanza na ramani: mwamba upi una vitundu, kifuniko chake ni kinene kiasi gani, nyufa za ardhi zinapita wapi, na visima vya zamani vilivyoachwa viko wapi.

Nchi ya Norwei ilianza kazi hiyo mwaka 1996 katika eneo la gesi la Sleipner, Bahari ya Kaskazini. Gesi iliyochimbwa hapo ilikuwa na hewa ukaa kuliko kiwango walichokubali wanunuzi, na serikali ilikuwa imeitoza kodi hewa hiyo tangu 1991. Kuiachia ipae kungekuwa hasara. Basi wakairudisha chini, takriban tani milioni moja kila mwaka. Hawakufanya hivyo kwa utakatifu. Walifanya kwa sababu ya kodi, na tunalisema hili kwa faida ya wale wanaodhani kwamba sheria haiwezi kubadili mwenendo wa wenye fedha. Mnamo Agosti 2025, mradi wa Northern Lights uliingiza shehena yake ya kwanza: hewa iliyokamatwa katika kiwanda cha saruji cha Brevik, ikasafirishwa kwa meli, ikapitishwa katika bomba la kilomita 100 na kushushwa mita 2,600 chini ya sakafu ya bahari.

Lakini kabla ya meli hiyo kung'oa nanga, ramani zilikuwa zimechorwa kwa miaka mingi, tena si na nchi moja. Norwei ilitoa atlasi ya sehemu yake ya Bahari ya Kaskazini mwaka 2011, na ya bahari zake zote mwaka 2014. Majirani wa kaskazini, yaani Norwei, Denmark, Uswidi, Finland na Iceland, walikaa pamoja kati ya 2011 na 2015 kutayarisha atlasi yao ya pamoja. Finland, ambayo miamba yake ni ya kale na migumu, haina mahali pa maana pa kuhifadhi. Isingeweza kupanga lolote bila kujua kilicho chini ya jirani. Marekani, Kanada na Meksiko nazo zilichapisha atlasi moja mwaka 2012, ingawa kila mtu anajua jinsi nchi hizo zinavyozozana juu ya mpaka, ushuru na wahamiaji.

Kwa nini walifanya pamoja? Hapa tunaomba uvumilivu, kwa maana ndipo penye kiini cha hoja yetu. Gesi inaposukumwa ndani ya mwamba uliojaa maji, yale maji hayana pa kwenda ila kusukumana. Shinikizo hutangulia mbele ya gesi, nalo husafiri kilomita nyingi kuliko gesi yenyewe. Mwamba ukipita chini ya mpaka, shinikizo nalo hupita bila kugonga muhuri. Nchi moja ikijaza upande wake, nafasi ya jirani hupungua kabla jirani hajachimba hata kisima kimoja. Na kama kila nchi imejihesabia peke yake, basi nafasi ileile imehesabiwa mara mbili na yaweza kuuzwa mara mbili. Sisi Watanzania hatuhitaji kufundishwa maana ya kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili. Kesi zake zimejaa katika mabaraza yetu ya ardhi.

Shinikizo si nadharia ya darasani. Huko huko Norwei, katika eneo la Snøhvit, walianza kuingiza hewa ukaa mwaka 2008. Shinikizo likapanda upesi kuliko walivyotarajia, na mwaka 2011 wakalazimika kuhamia tabaka jingine la mwamba. Barani kwetu, huko In Salah katika jangwa la Aljeria, tani karibu milioni 3.8 ziliingizwa kati ya 2004 na 2011. Satelaiti zikaonyesha kwamba ardhi ya juu inainuka milimita kwa milimita. Kukawa na wasiwasi juu ya kifuniko, na kazi ikasimamishwa. Hao walikuwa na wataalamu, fedha na vipimo vya kila namna. Je, atakayefanya bila ramani kamili atakuwaje?

Sasa tuitazame Afrika. Afrika Kusini ilichapisha atlasi yake mwaka 2010. Ilikadiria nafasi ya tani bilioni 150 hivi, na asilimia 98 ya nafasi hiyo iko chini ya bahari. Ni kazi ya kupongezwa. Lakini ni atlasi ya nchi moja, inayokoma mpakani, na miamba haikukoma hapo. Bonde la Orange linaendelea hadi Namibia, na lile la Zululand linaungana na miamba ya Msumbiji. Wachoraji walifikia mstari wa mpaka wakaweka kalamu chini.

Na kwetu? Chini ya mto Ruvuma na bahari inayoupokea kuna bonde moja kubwa la miamba tabaka, nusu yake Tanzania, nusu yake Msumbiji. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na tangu 2010 hazina kubwa zaidi zimegunduliwa baharini pande zote mbili. Miamba iliyotunza gesi kwa mamilioni ya miaka ina vitundu, tena ina kifuniko. Ndiyo miamba ambayo siku moja mtu atakuja kuiulizia kwa kazi nyingine. Kumbukeni pia kwamba mpaka huo hatukuuchora sisi. Wajerumani na Wareno walipatana juu ya Ruvuma mwaka 1886. Mwaka 1894 Wajerumani wakavuka wakachukua Kionga, kusini ya mlango wa mto. Na mwaka 1919, huko Versailles, Kionga ikapewa Ureno. Mara tatu ardhi ile ilipangwa mezani na watu ambao hawakuwahi kuvuna korosho yake.

Kuna wanaotuambia: ngojeni kwanza, haraka ya nini? Tunawajibu kwamba sehemu kubwa ya vipimo imekwisha kufanyika. Katika kata mojawapo ya kusini ambako tuliwahi kuhudumu, walikuja vijana wenye kofia ngumu, wakafyeka njia zilizonyooka kama rula katikati ya mikorosho, wakatandaza nyaya na kuitetemesha ardhi ili wasikilize mwangwi wa miamba. Fidia ilikuwa ndogo na ilichelewa. Hilo limekwisha semwa sana. Lisilosemwa ni kwamba hakuna hata mmoja aliyerudi kuwaeleza wenye mikorosho ni nini kilichosikika huko chini. Mwangwi ule ulirekodiwa, ukasafirishwa, ukasomwa na wataalamu katika ofisi za mbali. Ramani, kwa sehemu, ipo tayari. Ila haiko mikononi mwa wanaokaa juu yake. Na kila upande wa Ruvuma una kabati lake lenye ufunguo wake.

Hapo ndipo tunapogombana na rafiki zetu wa kundi la pili. Wanasema: Afrika imechangia chini ya asilimia nne ya moshi wa dunia, tukichora ramani ya mahali pa kuhifadhi, tutakuwa tumewaonyesha wenye viwanda mahali pa kutupa taka zao. Hoja hii haitoki hewani. Mwaka 1988 taka za sumu kutoka Italia zilikutwa zimerundikwa katika bandari ndogo ya Koko, Nijeria. Mwaka 2006 meli ya Probo Koala ilishusha uchafu wake Abidjan, na maelfu ya watu wakaenda kutafuta matibabu. Anayesahau mambo hayo ni mjinga, na anayetuomba tuyasahau anatutakia mabaya.

Lakini tazameni ni nini kilichofuata baada ya Koko. Nchi za Afrika hazikuziba macho. Ziliketi Bamako mwaka 1991 zikaandika mkataba mmoja wa kukataza uingizaji wa taka za hatari barani, mkataba ulioanza kutumika mwaka 1998. Zilikataa kwa pamoja, zikiwa zinajua zinachokikataa. Kukataa bila kujua ni kitu kingine. Mtu asiyejua ukubwa wa shamba lake hawezi kusema kwa uhakika "hapana", na akisema "ndiyo" atapunjwa. Kampuni itakayokuja itakuwa na vipimo; waziri atakayeketi mbele yake atakuwa na hotuba. Na jirani wa ng'ambo ya mto, akikataa huyu, atafuatwa yeye, ataambiwa kwamba mwenzake karibu akubali kwa bei nafuu. Hivyo ndivyo majirani wanavyoshindanishwa.

Nafasi yenyewe, tena, si ya kumwaga. Mwezi Septemba 2025 lilichapishwa katika jarida la Nature andiko la watafiti waliopunguza kutoka katika makadirio ya dunia maeneo ya hatari: yaliyo karibu na makazi, yenye matetemeko, yaliyo katika hifadhi, na yenye bahari ya kina kirefu mno. Kilichobaki ni tani bilioni 1,460 hivi, sehemu ndogo tu ya yale yaliyokuwa yakitangazwa. Wakakadiria kwamba hata nafasi hiyo yote ikitumiwa kuondoa hewa ukaa angani, joto la dunia lingepungua kwa nyuzi 0.7 tu. Kwa hiyo mwamba mzuri ni kitu adimu. Kitu adimu hutafutwa, na kitu kinachotafutwa hupata madalali. Tunaambiwa tusichore ramani ili tusiwaite madalali. Twauliza, madalali wamewahi kungoja kuitwa?

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba kuzika hewa ukaa ndiko kutakakoiokoa dunia. Kila mwaka mwanadamu hutoa takriban tani bilioni 37 za hewa hiyo kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi, ilhali mitambo yote ya kuikamata duniani ina uwezo wa tani milioni 50 hivi. Ni chini ya moja katika mia saba. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudate Deum wa mwaka 2023, alikiri kwamba mbinu za kukamata gesi hizi zinatia matumaini, lakini akaonya juu ya tabia ya kuziba nyufa juu juu huku nyumba ikibomoka chini. Tunakubaliana na onyo hilo bila kupunguza neno. Anayeitaka ramani ili apate kisingizio cha kuendelea kuchoma makaa hatutamwombea kura. Hata hivyo vipo viwanda, kama vya saruji, ambavyo hata vikipata umeme wa jua bado vitatoa hewa ukaa, kwa sababu inatoka ndani ya chokaa yenyewe inapochomwa. Sisi tunajenga, na saruji tutaihitaji. Huenda mwamba wetu ukatufaa sisi wenyewe, na hiyo ni sababu nyingine ya kutouachia uandikwe na wengine.

Kuhusu hatari kwa maisha, wananchi wa Goma wanaijua kuliko maprofesa. Wana neno lao, mazuku: hewa ukaa itokayo ardhini penye volkano, ikatulia mabondeni usiku, ikaua mbuzi na wakati mwingine watoto, bila harufu wala rangi. Katika ziwa Nyos, Kameruni, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, hewa hiyo ililipuka kutoka majini ikaua watu wapatao 1,700. Mwaka 2020, huko Satartia katika jimbo la Mississippi, lilipasuka bomba la kusafirishia hewa ukaa, na watu 45 wakapelekwa hospitali. Haki inatudai tuseme kwamba ziwa si mwamba wenye kifuniko, na kwamba tangu 1996 hakuna uvujaji uliobainika katika hifadhi ya Sleipner. Lakini ramani isiyoonyesha vijiji, visima vya maji, nyufa na njia za mabomba si ramani ya watu. Ni ramani ya biashara.

Na huko huko Goma tunapata mfano mwingine. Ziwa Kivu lina takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na 60 za methani, zimeyeyuka katika maji ya kina. Rwanda na Kongo hazipendani. Hilo halihitaji ushahidi wetu. Hata hivyo mwaka 2009 wataalamu wa nchi hizo mbili waliafikiana kanuni za pamoja za kuchimba gesi ya ziwa, hata kina cha kurudishia maji yaliyokwisha kutolewa gesi, kwa kuwa kosa la upande mmoja lingeua pande zote mbili. Ikiwa Rwanda na Kongo zimeweza, Tanzania na Msumbiji zina udhuru gani? Tazameni upande wa pili: Kenya na Somalia zilipelekana mahakamani The Hague mwaka 2014 kwa ajili ya mpaka wa baharini, hukumu ikatolewa mwaka 2021, Kenya ikaikataa, na leo nchi zote mbili ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bonde la Lamu liko palepale, chini ya mstari unaogombewa.

Tunachokidai ni hiki. Tanzania imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki na imo pia katika SADC pamoja na Msumbiji. Ndiyo yenye mguu pande zote mbili, na ndiyo inayopaswa kuitisha kikao. Makabati yafunguliwe, vipimo vya pande zote vya Ruvuma viwekwe juu ya meza moja, visomwe na wanajiolojia wetu kutoka Dodoma, Dar es Salaam na Maputo, kwa fedha za umma. Ramani itolewe wazi, yenye maelezo ya Kiswahili na Kireno ambayo mwenyekiti wa kijiji anaweza kuyasoma. Na itolewe kabla ya mkataba wowote kutiwa sahihi. Mwaka 2013 tuliona Mtwara ikiwaka kwa sababu ya bomba la gesi, watu walikufa. Wengi walisema kwamba wananchi walichochewa. Sisi tuliozika marehemu na kuwatembelea majeruhi tulisikia neno jingine: walikuwa wameambiwa mambo yakiwa yamekwisha kuamuliwa.

Halafu lipo suala la nani atakayelinda kaburi hilo la hewa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 inamtaka mwenye mradi abaki na dhamana kwa muda usiopungua miaka 20 baada ya kufunga kisima, ndipo serikali iweze kuipokea. Kwao ni miaka 20. Kwetu hata mashimo ya kokoto huachwa wazi siku mkandarasi anapoondoka, na kila masika tunawazika watoto waliozama humo. Nchi mbili zinazochora pamoja zaweza kudai dhamana moja. Zikiwa mbalimbali, mwekezaji ataichagua yenye masharti laini.

Mzee wetu alirudi Jumatano, akasikiliza haya yote kwa subira, kisha akauliza ikiwa ramani hiyo itaonyesha shamba lake. Tulimwambia tutaliandika swali lake kama alivyolisema, na tumeliweka katika aya ya kwanza ya barua inayokwenda kwa mbunge wetu na kwa wawakilishi wetu katika Bunge la Afrika Mashariki. Barua iko tayari. Kamati ya Haki na Amani itakuwa na meza chini ya mwembe baada ya Misa zote mbili Jumapili hii. Wenye kutaka kuweka sahihi waje na majina yao kamili na jina la kijiji, na wasioandika watasaidiwa kuweka dole gumba.